Nilijaza Fomu za Watu Wasiokuwepo

Huenda nawe umewahi kubishiwa hodi na kijana mwenye kibao cha karatasi kifuani, kitambulisho cha plastiki shingoni na viatu vilivyojaa matope. Alikusalimu kwa adabu, akakuomba dakika kumi tu, kisha akaanza kukuuliza kuhusu barabara itakayopita karibu nawe. Mko wangapi nyumbani? Unapata shilingi ngapi kwa mwezi? Je, unauunga mkono mradi huu? Pengine ulimjibu ukiwa umeinamia karai la nguo, au ulimwambia arudi kesho. Leo nataka kukueleza yale ambayo huenda yalitokea fomu ile ilipoondoka mlangoni pako, kwa sababu mwaka 2013 kijana huyo alikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, cheti changu kimelala ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Tulikuwa tukiishi Kawangware, upande wa Gatina, mimi na mama na wadogo zangu wawili, katika chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Rafiki yangu wa chuoni akaniletea habari kwamba kampuni fulani ya washauri wa mazingira ilikuwa ikitafuta vijana wa kuhoji wananchi. Malipo yalikuwa shilingi 50 kwa kila fomu iliyojazwa. Kampuni hiyo sitaitaja, wala barabara yenyewe, maana baadhi ya niliofanya nao kazi bado wanapata riziki humo. Inatosha ujue kwamba ilikuwa barabara ya mtaani iliyotakiwa kupanuliwa na kutiwa lami, pamoja na mtaro wa kando yake, na kwamba kila mmoja wetu alikabidhiwa fomu 60.

Piga hesabu mwenyewe. Fomu 60 zilikuwa shilingi 3,000, na kodi ya chumba chetu ilikuwa 2,500. Sikuwa na haja ya kuuliza mengi.

Fomu zenyewe zilikuwa za Kiingereza. Msimamizi wetu alitwambia tutafsiri papo hapo, kila mtu kwa namna yake, na ndivyo tulivyofanya. Mmoja alitafsiri kwa Kiswahili cha shule, mwingine kwa Sheng, mwingine kwa Kikuyu au Kiluhya kulingana na aliyemkuta mlangoni. Swali moja lilitaka wakazi wataje wanyama na mimea adimu inayopatikana katika eneo la mradi. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akikata sukuma wiki kwenye meza yake kando ya njia. Akaniangalia kwa muda, kisha akacheka hadi kisu kikamtoka mkononi.

"Wanyama? Andika panya," akasema. "Na mimea andika hii mboga yangu. Tingatinga likija itakuwa adimu kweli."

Sikuandika vile. Niliandika "Hakuna".

Kulikuwa na mzee mmoja fundi wa viatu aliyeketi chini ya mwavuli uliopasuka, mahali ambapo, kwa mujibu wa ramani niliyoonyeshwa, pangekuwa katikati ya barabara mpya. Alinikaribisha kigoda. Nilipoanza maswali yangu akainua mkono wenye sindano.

"Binti," akasema, "hiyo barabara inakuja kunipitia au inakuja kuniondoa? Nijibu hilo kwanza, nami nitakujibu yako yote."

Tulikuwa tumeonywa. Mambo ya kuondolewa, msimamizi alisema, hayatuhusu. Hayo yana watu wake na karatasi zake. Kwa hiyo nilimwambia mzee kwamba mimi nahusika na mazingira tu. Akatikisa kichwa. "Na mimi si mazingira?" Nilicheka kwa aibu, naye akarudi kwenye soli yake. Katika fomu nikaandika kwamba anauunga mkono mradi ila ana wasiwasi kidogo.

Lakini aliyenikaa rohoni zaidi ni mama muuza samaki. Alikuwa na kibanda cha kukaangia omena na vipande vya mbuta mahali njia inapoteremka. Huyo alinishika kwa dakika 40 nzima. Hakutaka kuzungumzia kipato wala umri. Alitaka kuzungumzia mtaro. Alinipeleka nyuma ya kibanda akanionyesha mstari wa tope ukutani, karibu na goti langu, alama ya mvua ya mwaka uliotangulia. Akanieleza kwamba maji yote ya huku juu huteremkia kwake, na kwamba ukiipanua barabara ukaitia lami, maji hayatapata udongo wa kunywea tena. Yatakimbia juu ya lami kama magari. Ukitaka kupanua barabara, akasema, panua kwanza mtaro wa chini mpaka mtoni, maana mtaro ulio mpana juu na mwembamba chini ni sawa na kunywesha mtoto uji kwa ndoo.

Msomaji, sijasomea uhandisi, lakini nadhani hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo bora kuliko yote niliyoyapata katika kazi ile. Na fomu ilikuwa na nafasi gani ya kuyaweka? Ilikuwa na neno "Mafuriko", kisha visanduku viwili: Ndiyo, La. Nikatia alama kwenye Ndiyo, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Kisha mvua ya Aprili ikaanza. Wewe uliyewahi kuishi Kawangware unajua siku kama hizo zilivyo. Nilikuwa nimebaki na fomu 17, na tarehe ya kuzirudisha ilikuwa kesho yake. Jioni ile niliketi kitandani, nikawasha taa ya chemni kwa kuwa stima ilikuwa imepotea, nikaanza kujaza.

Niliwapa majina. Niliwapa umri, wake na waume, watoto, kazi. Nilimfanya mmoja kuwa dereva wa mkokoteni, mwingine kinyozi, mwingine muuza samaki wa miaka 34. Katika hao 17, watu 15 waliunga mkono mradi. Wawili niliwaacha wapinge, ili ionekane kweli. Mmoja wa hao wawili alihofia vumbi, mwingine kelele. Hakuna hata mmoja wao aliyejali mtaro, maana nilikuwa nimechoka na maelezo ya mtaro yalihitaji sentensi ndefu.

Mama alikuwa akipepea jiko mlangoni. Akaniuliza, "Unamwandikia nani barua nyingi hivyo?"

"Ni kazi, mama."

"Mbona humuulizi mtu?"

Nikamwambia walishajibu. Mama hakusema neno. Alirudi kupepea jiko, nami namfahamu mama; alikuwa ameelewa.

Kesho yake msimamizi alinisifu kwa mwandiko mzuri. Miezi kadhaa baadaye, nilipoenda kudai masalio ya malipo yangu, nilikuta ripoti mezani, nene kama Biblia ya familia, yenye picha za rangi na ramani za kukunjua. Nikafungua ukurasa wa maoni ya wananchi. Iliandikwa kwamba idadi kubwa ya wakazi waliohojiwa wanauunga mkono mradi. Nikaifunga. Kinyozi wangu alikuwa humo, na dereva wangu wa mkokoteni.

Usinielewe vibaya ukadhani tathmini yenyewe ni kitu kiovu. La hasha. Kabla ya mwaka 2000, barabara au kiwanda kingeweza kukuangukia bila mtu yeyote kuwajibika kukuuliza lolote. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999 na ikaanza kutumika Januari 2000. Ndiyo iliyoizaa ile mamlaka tunayoiita NEMA. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mradi mkubwa haupati leseni bila kwanza kufanyiwa tathmini ya athari zake kwa mazingira. Kanuni za mwaka 2003 zilieleza hata jinsi ya kuwauliza watu: mabango yabandikwe mahali pa wazi karibu na mradi, tangazo litoke gazetini kwa wiki mbili mfululizo, redio itangaze kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na kuitishwe mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa. Ripoti ikishaandikwa, watangaziwe tena waisome na kutoa maoni yao. Leseni ikitolewa, aliyeumia ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira. Katiba ya 2010 ikaongezea nguvu: Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapoguswa.

Ukiisoma karatasi hiyo huna la kuilaumu. Ila kuna mambo mawili ambayo mtu huyaona tu akiwa ameshika kibao mkononi. La kwanza ni kwamba mtaalamu anayeandika ripoti hulipwa na mwenye mradi. Mpishi huonja chungu cha anayemlipa, na si rahisi atangaze mbele ya wageni kwamba nyama imeoza. La pili ni Gazeti Rasmi la serikali. Niambie kwa haki ya Mungu, ni lini mara ya mwisho uliliona Kawangware? Mimi nililiona mara moja tu, limefungiwa mahamri.

Sasa twende Kibera.

Mama yangu mdogo alikuwa mpangaji huko, upande wa Kambi Muru, na alikuwa na kibanda cha chakula kilichowalisha vijana wa mjengo. Historia ya mahali pale unaijua, au yafaa uijue. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanajeshi Wanubi waliotumikia serikali ya kikoloni waliwekwa pale, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Wazao wao walingoja hati ya ardhi hadi mwaka 2017, na walipoipata ilikuwa ya ekari 288. Ikiwa watu waliokaa karne nzima walipata hicho, unaweza kukisia mpangaji wa miaka 11 alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na risiti za kodi, tena si za kila mwezi.

Ramani za mji zilikuwa na mstari wa kuunganisha barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata, mojawapo ya zile ambazo wahandisi wa Nairobi huziita viungo vilivyokosekana. Mstari huo ulipita Kibera. Alfajiri ya Jumatatu, Julai 23, 2018, matingatinga yaliingia yakisindikizwa na polisi. Nyumba, makanisa na shule kadhaa viliangushwa. Vyombo vya habari viliripoti kwamba watu wapatao 30,000 walipoteza makao.

Nilipata habari kwa simu nikiwa kazini. Jioni nilitembea kwa miguu kupitia Dagoretti Corner na soko la Toi, maana magari yalikuwa hayaendi. Nilimkuta mama mdogo ameketi juu ya godoro lililokunjwa, sufuria tatu miguuni, mwanawe wa darasa la nne amevaa sare ya shule ambayo asubuhi ile ilikuwa imegeuka kifusi. Vijana walikuwa wakiokota mabati na misumari. Vumbi lilikuwa limetanda hadi huoni reli.

Hakulia. Alinisalimu, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema jambo ambalo limekuwa likinigonga tangu siku hiyo.

"Mwanangu, si wewe ulikuwa ukifanya ile kazi ya kuuliza watu? Hapa pia walikuja wiki hizi. Wakaandika jina langu, wakaandika na mtoto. Mimi nikajua sasa tumehesabiwa, watatwambia. Hebu nieleze wewe uliyesoma: wakishauliza, majibu huenda wapi?"

Nilisema nitamtafutia chumba. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Alikuja kukaa nasi Gatina kwa miezi mitano, watu sita nyuma ya pazia lile lile. Usiku, watoto wakishalala, nilianza kusoma. Nilikuwa nataka kujua, kwa ajili yake na kwa ajili ya fomu zangu 17, kama kuna mahali popote ambapo mtu asiye na hati ya ardhi huhesabiwa kuwa mtu barabara inapokuja.

Shemeji yangu, mume wa dada, huendesha lori la mizigo kati ya Nairobi na Arusha. Huyo hukisifu kituo cha mpakani cha Namanga kama mtu anayesifu kijiji cha mamake. Zamani, asema, ulipanga foleni upande wa Kenya, ukavuka, ukapanga tena upande wa Tanzania, na siku ikaisha hujafika Longido. Tangu Desemba 1, 2018, Marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli walipokizindua kituo cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja na unakaguliwa mara moja tu. Busia walifunguliwa cha kwao Februari mwaka uo huo. Sina ubishi na shemeji; nyanya tunazokula na mahindi tunayosaga hupita mipakani humo, na lori likilala siku mbili njiani bei hupanda Kawangware.

Ila barabara ile ya kutoka Athi River hadi Namanga na Arusha ilijengwa kwa mikopo, na mmoja wa wakopeshaji alikuwa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki hiyo ilikuwa na sera yake ya mwaka 2003 kuhusu watu wanaohamishwa kupisha miradi. Sera hiyo ilisema hata yule asiye na haki yoyote ya kisheria juu ya ardhi anayoikalia asaidiwe kuhama na kuanza upya. Niliposoma hayo nilimsomea mama mdogo kwa Kiswahili. Akauliza, "Kwa hivyo kosa langu ni kwamba barabara yangu haikukopewa pesa?"

Nilikwenda mbali zaidi. Marekani na Kanada zimejengewa daraja jipya la mpakani kati ya miji ya Detroit na Windsor, pamoja na njia za kuliunganisha na barabara kuu. Upande wa Marekani tathmini yake ilikamilika Desemba 2008, idhini ikatoka Januari 2009, na ujenzi ukaanza mwaka 2018. Daraja hilo linatua Delray, mtaa wa watu wa kipato cha chini uliokuwa tayari umezingirwa na viwanda na moshi wa malori. Kwa hiyo usidhani ni hapa kwetu tu barabara hupenda kupita penye maskini. Ardhi ya maskini ni ya bei nafuu kila pembe ya dunia. Lakini Marekani wana sheria ya mwaka 1970 inayosema kwamba serikali ikimhamisha mtu kwa ajili ya mradi wake, mpangaji naye alipiwe gharama za kuhama na asaidiwe kupata makao mengine. Mpangaji, msomaji. Mwenye risiti tu.

Na hapa kwetu tunayo pa kuanzia. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema fidia yaweza kulipwa kwa mtu anayeikalia ardhi kwa nia njema ingawa hana hati. Januari 11, 2021, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitu-Bell, waliobomolewa makao yao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011. Majaji walikubali kwamba hata waliojenga kwenye ardhi ya umma wana haki ya makao inayoweza kulindwa na mahakama. Miaka kumi kasoro kidogo kungoja jibu hilo! Na Oktoba iyo hiyo ya 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kwa sababu ya barabara nyingine.

Kuna wakati mtu hutamani awe mti. Novemba 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, kulikuwa na mgumo mkubwa pale Westlands, mti wa zaidi ya karne, mrefu kama jengo la orofa nne. Ulikuwa uondolewe. Watu walipiga kelele, na amri ya Rais ikatoka kwamba usiguswe. Nilifurahi, tena sana. Mama yangu amekulia akiambiwa mti huo haukatwi ovyo. Nyumbu nao walipata wakili wao. Tanzania ilipopanga kupitisha barabara kuu katika kaskazini ya Serengeti, shirika la kutetea wanyama lililo hapa Nairobi lilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na Juni 20, 2014 mahakama ikazuia barabara hiyo kutiwa lami ndani ya mbuga. Mama mdogo nilipomweleza alitikisa kichwa akasema nyumbu wana bahati, hawapangi nyumba.

Lakini uamuzi ulionitoa jasho kuliko yote ulikuwa wa Lamu. Juni 26, 2019, jopo la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa huko. Ripoti ya tathmini ilikuwepo, tena kubwa. Mikutano ilikuwa imeitishwa. Lakini jopo liliona kwamba mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na kwamba tathmini ilipokamilika wananchi hawakurudiwa ipasavyo kuelezwa yaliyomo. Maana yake ni kwamba jina lako kwenye orodha ya waliohudhuria si sawa na kusikilizwa. Niliisoma habari hiyo ndani ya matatu ya nambari 46, nikaikunja simu mfukoni kama mtu aliyeibiwa, ilhali mwizi ni mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa muuza samaki.

Barabara yetu ilikuwa imekwisha kujengwa zamani. Ni nzuri, siwezi kuficha. Bodaboda zinateleza, na mgonjwa anafika hospitali usiku. Fundi wa viatu simwoni tena, na niliowauliza hawajui alikokwenda. Mtaro wa juu ni mpana na wa saruji. Unapofika chini unaingia kwenye karavati la zamani, jembamba vile vile. Kibanda cha mama huyo kilikuwa kimerudishwa nyuma hatua kadhaa na kuinuliwa juu ya matofali. Mstari wa tope ukutani ulikuwa umepita goti.

Nilinunua samaki wa shilingi 100, kisha nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu kile kisanduku cha Ndiyo na La. Nilimwambia kuhusu watu 17. Alikuwa akigeuza samaki kwenye karai la mafuta na hakuacha kugeuza.

"Katika hao watu wako," akaniuliza, "kulikuwa na muuza samaki?"

"Mmoja."

"Alisemaje?"

"Aliunga mkono."

"Mm. Basi mvua ikija mwambie aje anisaidie kuchota maji." Akanifungia samaki kwenye gazeti, akaongeza kipande ambacho sikukilipia. Hadi leo sijajua kama kile kipande kilikuwa cha msamaha au cha dharau.

Mama mdogo sasa amepanga Riruta, na kibanda cha chakula amekifungua upya. Mtoto yuko chuoni. Ukimuuliza kuhusu Kibera hukwambia alikuwa na wateja wazuri kule, na hapo hubadilisha mazungumzo.

Miezi michache iliyopita nilibishiwa hodi. Nilifungua nikakuta msichana mwembamba, kitambulisho shingoni, viatu vimejaa matope. Siku hizi hawabebi vibao. Anayo fomu ndani ya simu. Wanataka kupitisha bomba kubwa la majitaka mtaani, akasema, na anaomba dakika kumi tu. Nikamkaribisha ndani, nikamchemshia chai. Nilimuuliza bomba litapita wapi, nani ataondolewa, na wapangaji wameandikwa mahali gani. Alinionyesha ramani, akakiri kwamba hayo mengine hayajui. Nilimwomba aandike nilichosema neno kwa neno. Akasema nafasi ni ya herufi chache. Nikamwambia tutafute penye nafasi, tukapata mwisho kabisa, chini ya "Maoni mengineyo". Nilianza na karavati.

Saa nzima ilipita. Nje mawingu yalikuwa yameshuka na matone ya kwanza yalianza kupiga mabati. Akatazama simu, akaniambia chaji imebaki kidogo, na bado ana nyumba 22 za kufikia kabla ya giza.

"Usijali, dada," akasema, akisimama na kufunga koti. "Hayo yaliyobaki nitamalizia nyumbani."

Nikamwambia aketi. Nikachukua chaja yangu kutoka juu ya friji, nikamwonyesha soketi iliko.